Filamu Isiyotiwa Chumvi

Siku sifuri ilipokataa kuwa sifuri, Shangazi hakushtuka hata kidogo. Alilaumu sahani.

"Hii sahani haikusuuzwa," alisema, akiinamia kioo cha mashine. "Kuna mtu kaiosha mbiombio kama aliyeacha sufuria jikoni."

"Shangazi, aliyeosha ni wewe."

"Basi mtu huyo nitamsema leo nikifika nyumbani. Mbele ya kioo."

Aliyemjibu ni msichana wa shahada ya pili, mwembamba kama kalamu. Jengo zima lilimwita Desimali, kwa sababu ukimwambia mbili, atauliza mbili nukta ngapi. Shangazi naye alikuwa fundi wa maabara, mwenye stashahada yake na miaka hamsini na mbili. Walimu wenyewe walimwita hivyohivyo, Shangazi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi iliyoning'inia shingoni, na kadi hiyo siku zote ilikuwa imegeuzwa nyuma, maana picha yake hakuipenda.

Kazi yao, kwa asiyeijua, inafanana na upishi kuliko sayansi. Unachukua polima, unga mweupe ambao ni ndugu wa plastiki, unauyeyusha kwenye maji ya maabara, yale yasiyo na kitu ndani hata harufu. Unatia chumvi ya lithiamu. Sumaku inauzungusha mchanganyiko kwa saa sita mpaka unakuwa uji mzito usio na punje. Unaumimina kwenye sahani ndogo za kioo, unazipanga kwenye kabati la kukaushia, na baada ya siku mbili unabandua ngozi nyembamba, laini, inayong'aa. Hiyo ndiyo filamu. Wakubwa wanasema ipo siku filamu kama hizo zitakaa ndani ya betri badala ya yale maji yanayovuja na kushika moto.

Polima peke yake haipitishi umeme. Ni ukumbi mkubwa usio na mtu. Chumvi ndiyo inayoleta watu: inagawanyika vipande vidogo vyenye chaji, na vipande hivyo ndivyo vinavyotembea. Ukiongeza chumvi, watembeaji wanaongezeka na umeme unapita. Ukizidisha, wanashikana mikono, wanasimama vikundi vikundi mlangoni kama waalikwa wanaosubiri chakula, na njia inaziba. Kwa hiyo unapika mfululizo, asilimia tano, kumi, kumi na tano, mpaka arobaini, ukitafuta pale umeme unapopita vizuri kuliko kote. Na mwanzoni kabisa unaweka filamu isiyotiwa chumvi hata chembe. Hiyo wanaiita sifuri. Kazi yake ni kunyamaza ili wenzake wasikike.

Sifuri hii haikunyamaza. Mashine ilisukuma umeme ndani yake kwa mapigo ya haraka, kisha ya polepole, kisha ya polepole zaidi, na kila mara iliweka nukta moja kwenye kioo. Nukta za mwanzo hutoka kwa fujo. Za mwisho hujivuta: moja, unasubiri, nyingine, unasubiri, kama mtu anayepanda ngazi na goti bovu. Kwa filamu isiyo na chumvi nukta hupanda juu na kupotea. Hizi zilijipinda, zikashuka, zikafunga nusu duara dogo, safi kabisa.

"Inapitisha," Desimali alisema kwa sauti ndogo. "Shangazi, sifuri inapitisha umeme."

"Tutapika nyingine. Usitoe macho hivyo, yatakauka."

Lakini msichana alikuwa na haki ya kutoa macho. Alikuwa amebakiza wiki kumi na moja kabla ya muda wa shahada yake kwisha.

Mambo yalikuwa hivi. Kwenye korido, nje ya mlango wa maabara, kulikuwa na fremu, na ndani ya fremu kulikuwa na filamu ya mviringo, ukubwa wa kifuniko cha chupa, imefungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa. Chini yake pameandikwa: Filamu Namba Kumi na Saba. Ilipikwa kwa asilimia ishirini na tano ya chumvi, na ilipitisha umeme mara kumi na moja zaidi ya filamu yoyote ya aina yake. Wageni walitoka mbali kuja kupiga picha mbele yake. Na aliyeipika alikuwa kaka yake Shangazi, fundi mkuu wa chumba kile kwa miaka ishirini na sita, mtu mnene, mcheshi, aliyemshika mdogo wake mkono na kumwingiza katika kazi hii. Alianguka nyumbani kwake Jumapili moja asubuhi, nusu ya uso umepakwa sabuni ya kunyolea, akaondoka duniani. Ilikuwa miezi minane sasa.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuirudia Kumi na Saba. Walijaribu hapo, wakajaribu nchi nyingine, wakashindwa. Kaka mwenyewe aliirudia mara mbili, na watu walipomuuliza siri alicheka na kusema, "Ni mkono tu." Desimali alipewa kazi hiyo kuwa ndiyo shahada yake: irudie, kisha ueleze. Miaka miwili alikuwa akipika, na miaka miwili alikuwa akipata filamu za kawaida. Profesa, msimamizi wake, alikuwa amemwambia waziwazi: kama Kumi na Saba haitoki, basi mwenye kasoro ni mpikaji.

Na Shangazi alijua kwa nini haitoki.

Kaka yake alikuwa na viganja vya jasho. Akikusalimia, unajifuta kwenye nguo kwa siri ili usimwaibishe. Na glavu zilikuwa zinamchania filamu. Kila alipobandua, ukingo ulipasuka. Siku ile ya Kumi na Saba, Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vichupa. Alimwona anavua glavu zote mbili, anajifuta mikono kwenye koti, halafu anabandua kwa vidole vitupu, taratibu, dole gumba likiwa limelala katikati ya filamu. Jasho la mtu lina chumvi, na mwili wake mnene ulikuwa na jasho la kutosha kutia chumvi filamu hiyo mara ya pili, chumvi isiyoandikwa kwenye daftari lolote. Shangazi aliona. Akajisemea, nitamwambia baadaye. Jioni vipimo vikatoka, Profesa akapiga kelele mpaka wa ghorofa ya chini wakadhani kuna moto, na ile baadaye ikakosa pa kuingilia.

Neno lake moja lingemwokoa msichana. Neno hilohilo lingemshusha marehemu ukutani. Kwa hiyo kila siku alimchemshia Desimali chai, akamtania, akanyamaza.

Sifuri ya pili aliipika mwenyewe, peke yake. Sahani mpya kutoka kwenye boksi, glavu mbili kila mkono, barakoa usoni. Akalifunga kabati la kukaushia na ufunguo akauweka mahali ambapo hakuna mwanamume angethubutu kuutafuta. Siku mbili alipita mbele ya kabati akichungulia kupitia kioo cha mlango. Mara moja tu, mchana wa siku ya kwanza, aliona kioo kimepata ukungu kwa ndani, duara dogo, kama pale mtoto anapopumulia dirisha. Kabati lilikuwa la kukausha. Unyevu wote wa sahani huvutwa nje na feni yake, haubaki wa kutoa ukungu. Akaenda kuosha vikombe.

Siku ya tatu walibandua pamoja. Desimali aliinyanyua filamu kwa kibanio, akaielekeza dirishani kwenye jua la saa nne, na mkono wake ukaganda hapohapo.

"Shangazi. Hili ni dole gumba."

Katikati ya filamu kulikuwa na alama ya kidole, mistari yote imekaa mahali pake, imepinda na kuzunguka kama ramani ya mlima.

"Umeishika."

"Kwa kibanio? Nimeishika kwa kibanio, unaniona."

Shangazi alichukua filamu akaipapasa kwa ncha ya glavu. Juu ilikuwa laini. Akaigeuza. Chini nako laini. Alama haikuwa juu wala chini. Ilikuwa ndani, katikati ya unene wenyewe, ambao hauzidi unywele. Sasa mtu yeyote anayepika filamu atakwambia: ukiugusa uji ungali majimaji, unajifunga, haubaki na kitu; ukigusa baada ya kukauka, alama inakaa juu. Hakuna saa ambayo kidole kinaweza kuingia katikati na kutoka bila kuacha tundu.

"Ni dole la mtu mkubwa," Desimali alisema. "Na huu mstari wa mshazari unaolikata ni nini?"

Mstari ule alikuwa ameufunga bendeji mwenyewe, miaka kumi na tano nyuma, siku kaka yake alipovunja bilauri ya kupimia akajikata dole gumba hadi kwenye nyama, na bado akamaliza kumwaga sahani tisa kwanza.

Waliipima. Nukta zikajipinda, zikashuka, zikafunga. Desimali alipiga hesabu, akatazama, akapiga tena, kisha akafungua daftari la zamani na kuweka kidole kwenye ukurasa.

"Hii namba ni ya Kumi na Saba." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Mpaka desimali ya tatu."

Feni ya mashine ilivuma.

"Nenda kale," Shangazi alimwambia. "Huwezi kufikiri na tumbo tupu. Nenda, mwanangu."

Alipobaki peke yake, alikata kipande cha filamu kikubwa kama ukucha, akawasha taa ya gesi. Kuna kipimo cha zamani ambacho mashine za kisasa zimewasahaulisha watu, lakini aliyesoma stashahada enzi zile hakisahau: unaunguza kitu kwenye waya na kuangalia rangi ya moto. Lithiamu inawaka nyekundu. Chumvi ya jasho, ambayo ni ileile ya mezani, inawaka njano. Aliunguza waya mtupu kwanza, mara tatu, mpaka moto ukabaki wa bluu bila doa. Kisha akaweka kipande.

Moto ukageuka njano. Sio njano ya kupita. Njano nzito, ya kiini cha yai, ikapanda ikajaa kwenye kuta za chumba. Kipande kiliungua kikaisha, waya ukabaki mtupu, na moto ukaendelea kuwa njano. Alihesabu mpaka sitini. Alifunga gesi. Njano ilikaa pale hewani, bila gesi, muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, halafu ikazimika polepole, kama mtu anayepunguza taa kwa adabu ili asikuamshe.

Alitoka nje akasimama koridoni, mgongo umeelekea fremu. Desimali alimkuta hapo.

"Shangazi, nani kakushika mgongoni?"

"Nani anishike nini?"

"Koti lako."

Akalivua. Kwenye mabega ya koti jeupe kulikuwa na alama mbili za viganja vikubwa, zimelowa, kila kidole kinaonekana. Wakazitazama zikikauka. Zilipokauka zilibaki na ukingo mweupe, wa ungaunga.

Desimali alirudi nyuma hatua moja. Shangazi alilikunja koti likawa dogo kabisa, akalitia kwenye mfuko.

"Shangazi, unalia?"

"Ni gesi. Nyumbani mapema leo, wote wawili."

Lakini hakwenda kwake. Alikwenda kwa wifi yake, mjane wa marehemu, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza la mbele la nyumba yake. Hawa wawili walitaniana tangu siku ya posa, na hata msiba haukuwanyamazisha.

"Ehe, dada mtu kaja," Wifi alisema bila kuinua uso kwenye kitambaa. "Umekuja kuhesabu vijiko vya kaka yako?"

"Vijiko mlikula navyo mkavipinda. Nimekuja kukuona."

"Umeniona. Nimenenepa?"

"Umezidi. Wifi, acha mashine kidogo."

Sauti ilimfanya Wifi aache. Shangazi akakaa kwenye kigoda, akayamwaga yote: glavu, dole gumba, jasho, msichana na wiki zake kumi na moja. Ya moto wa njano na koti aliyameza, kwani hata yeye hakuwa na maneno yake. Alipomaliza, mguu wa Wifi bado ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, haujasogea.

"Unataka nikuambie nini? Nikuruhusu?"

"Nataka unisaidie."

"Kaka yako hakuniachia shamba. Hakuniachia mtoto. Kaniachia jina. Nikipita sokoni watu wananiambia, mumeo alikuwa mtu. Sasa unataka wakaniambie mumeo alikuwa mchafu wa mikono?"

"Hakukusudia, Wifi. Hakujua."

"Wewe ulijua! Umekaa nalo miaka yote hiyo, kaa nalo iliyobaki." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Marehemu hasemwi. Mwache alale."

Shangazi alifungua mdomo kumwambia kwamba halali. Akaufunga. Aliaga, na Wifi hakumsindikiza. Nyuma yake cherehani ilianza kukimbia, haraka mno, kama inayoshona kitambaa kisicho na mwisho.

Wiki ile walipika sifuri nne zaidi. Zote zilikuja na dole gumba ndani. Ya nne ilikuwa na mawili.

Ijumaa asubuhi Shangazi aliingia maabara akakuta boksi la karatasi juu ya meza. Desimali alikuwa akipanga vitabu vyake ndani yake, kimoja kimoja, kwa utaratibu wa ukubwa.

"Unahama?"

"Nimeandika barua. Ninaacha." Alisema bila machozi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sifuri yangu ina chumvi ambayo sijaitia. Sasa kila kipimo nilichofanya hakina maana. Profesa kasema huenda nina mkono mchafu. Huenda ni kweli. Nimeosha mikono mpaka ngozi imetoka, Shangazi, tazama."

Aliinyoosha. Vifundo vilikuwa vyekundu, vimepasuka.

Shangazi alitazama ile mikono. Kisha akafanya kile anachokifanya fundi aliyekwama: akawasha mashine kuipima. Alifungua kishikilia filamu. Kilikuwa kitupu, vidonge viwili vya chuma vikitazamana na hewa katikati. Hewa haipitishi umeme. Nukta zingepaswa kwenda juu moja kwa moja. Akabonyeza.

Nukta zikajipinda.

"Umeweka filamu gani?" Desimali aliuliza.

"Hakuna filamu."

Msichana alisogea. Nukta ziliendelea kuja, zikishuka sasa, zikichora nusu duara lile dogo ambalo wote wawili walilijua kama sura ya mtu. Shangazi alichomoa waya mmoja. Nukta ikaja. Akachomoa wa pili. Kishikilia kilikuwa kimetengana na mashine kabisa, waya zote mbili ziko mkononi mwake, na nukta ikaja. Zilikuwa zimefika zile za mwisho, zinazojivuta. Moja. Kimya. Nyingine. Kati ya nukta na nukta chumba kilijaa harufu ya sabuni ya kunyolea.

"Imeharibika," Desimali alinong'ona. "Shangazi, sema imeharibika."

"Haijaharibika. Ni kaka yangu."

Akapiga moyo konde.

"Mikono yako ni safi, mwanangu. Ilikuwa safi siku zote. Kumi na Saba haina siri, ina jasho. Kaka alikuwa anavua glavu. Aliishika kwa kidole kitupu, jasho likaingia, na chumvi yake ikafanya kazi ambayo tukadhani imefanywa na lithiamu. Wewe huwezi kuirudia kwa sababu unafuata daftari, na daftari halina jasho."

"Nani kakwambia?"

"Niliona. Nilikuwa mlangoni."

Nukta moja ilikuwa ikisubiriwa. Haikuja.

"Ulijua," Desimali alisema polepole. "Nilipoanza, ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Hapo nukta ikaja. Haikuja pale ilipotakiwa, mwishoni mwa nusu duara. Ilitokea juu. Iliyofuata ikawa juu zaidi, na iliyofuata, zikapanda mstari mmoja ulionyooka, moja kwa moja, mpaka zikavuka ukingo wa kioo na kupotea. Kama hewa tupu inavyopaswa kupimwa. Harufu ya sabuni ikakatika kama mtu aliyefunga mlango.

Shangazi alibaki ameshika zile waya. Kwa miezi minane alikuwa hajajiachia kulia mbele ya mtu. Sasa machozi yalimtoka ovyo, na msichana hakuja kumshika.

"Miaka miwili," Desimali alisema. "Ulikuwa unanichemshia chai. Unaniambia nitapata tu, nikaze. Na unajua."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakuombea dua, Shangazi. Wewe."

"Nitakwenda kwa Profesa. Sasa hivi. Sikuombi unisamehe."

"Usiniombe," alisema Desimali. Akatoa kitabu kimoja kwenye boksi, akakirudisha mezani. "Twende."

Profesa aliwasikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, kisha akauliza neno moja: ushahidi. Alikuwa mtu wa haki lakini Kumi na Saba ilikuwa imempandisha cheo na yeye pia. Walishusha fremu. Shangazi alifungua pakiti kwa mkasi, na Desimali ndiye aliyekata kipande cha pembeni na kukiweka kwenye waya.

Moto ulianza mwekundu. Lithiamu, mwekundu mzuri, kama kila mtu alivyotarajia, na Profesa alivuta pumzi. Halafu njano ikaja kutoka chini, ikaumeza ule wekundu wote, ikabaki peke yake. Kipande kilipoisha, moto ukarudi bluu hapohapo, kama moto wowote wenye akili.

Profesa alikaa kwenye stuli ya wanafunzi. "Tulikuwa tunakula naye pamoja kila mchana," alisema. "Kila mchana nilikuwa nampa kitambaa ajifute mikono." Akajifunika uso. "Na sikufikiri. Mimi, profesa mzima."

Barua ya kusahihisha iliandikwa wiki iliyofuata. Shangazi alipata barua yake pia, ya onyo, yenye maneno ya heshima na makali, akaisaini bila kubishana. Desimali aliongezewa miezi sita na kichwa kipya cha utafiti: jinsi jasho la mkono linavyobadilisha upitishaji umeme wa filamu. Watu kumi walijitolea vidole vyao. Alirudi kumsalimia Shangazi asubuhi na kumuaga jioni, ila chai alijichemshia mwenyewe. Sifuri zilikuwa sifuri. Zilinyamaza zote, moja baada ya nyingine, na Shangazi alizibandua kwa uangalifu zaidi ya ilivyolazimu, akiziinua kwenye jua, akitazama, asione kitu.

Kabla ya hayo, Jumapili, siku mbili baada ya fremu kushushwa, alikwenda kwa Wifi. Habari ilikuwa imemtangulia. Cherehani ilikuwa imefunikwa na mlango umefungwa. Akabisha hodi mara tatu.

"Rudi kwako," sauti ilisema kutoka ndani, karibu sana, kana kwamba Wifi alikuwa ameegemea mbao zilezile.

"Nimekuja unitukane. Nitukane nikiwa nakusikia."

"Umemzika mara ya pili. Mara ya kwanza walikuja watu mia tatu. Hii umemzika peke yako."

"Ndiyo, Wifi."

"Jana mwenye duka kaniuliza, eti mumeo alikuwaje. Nimwambie alikuwaje?"

"Mwambie alikuwa anatoka jasho."

Shangazi alidhani ameharibu, kwamba huu haukuwa wakati wa mzaha hata kidogo. Kutoka ndani ikaja sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi, ingeweza kuwa kicheko kilichokabwa shingoni.

"Wifi," Shangazi alisema, na sasa alinong'ona, mdomo ukigusa mbao. "Hapa kwako, ametulia?"

Mtaani mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikapotea.

"Vitasa," Wifi alisema mwishowe. "Kila asubuhi, milango yote ya nyumba hii, nikishika kitasa kimelowa. Cha moto, kama kimeachiwa sasa hivi. Miezi minane nafuta. Nilijiambia ni mimi, nazeeka, ni mikono yangu. Sikutaka aondoke. Hata hivyo tu, vitasa. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Tangu Ijumaa ni vikavu."

Shangazi aliweka paji la uso kwenye mlango. Upande wa pili, kwa mlio wa kitambaa kikisuguana na mbao, alisikia mwenzake anafanya hivyohivyo.

"Mimi sijakusamehe," Wifi alisema.

"Najua."

"Na chai sina. Sukari imeisha."

Kitasa kikazunguka.